KAZI ZA NYUMBANI NA RIZIKI: HESABU INAYOSTAHILI KUFANYWA MAPEMA

Katika visiwa vya Unguja na Pemba si jambo geni mtu kuulizwa kazi yake naye akajibu kuwa hana kazi, hali ya kuwa mikononi mwake ameshika ukili anaousuka kwa ajili ya kuuza. Jibu hilo halitokani na uongo. Linatokana na mazoea ya kuiita kazi ile tu inayofanywa afisini, skuli, hospitali, kiwandani au dukani, yenye saa ya kuingia na kutoka, na mshahara mwisho wa mwezi. Ama kazi inayofanywa barazani au uani, baina ya chungu na mtoto, hiyo huchukuliwa kuwa ni kupitisha wakati. Mazoea hayo yana madhara makubwa kuliko yanavyodhaniwa, kwani kazi isiyoitwa kazi haihesabiwi saa zake, na kazi isiyohesabiwa saa haiwezi kutiwa bei ya haki.

Makala haya yana lengo la kuwaeleza wananchi, pamoja na watumishi wa umma wanaojiandaa kustaafu au wanaotafuta nyongeza ya kipato, iwapo inawezekana kweli mtu kuendesha maisha yake kwa kazi anayoifanya nyumbani, na kwa masharti gani. Jibu kwa ufupi ni kwamba inawezekana, lakini si kwa kila kazi wala kwa kila namna ya kuifanya. Kinachotenganisha kazi inayolisha nyumba na ile inayomchosha mtu bure, aghalabu si ustadi wa mikono. Ni hesabu.

MAANA YA KAZI YA NYUMBANI

Kazi za nyumbani zinazokusudiwa hapa si kupika, kufua na kulea, ingawa hizo nazo ni kazi nzito na zenye thamani. Zinazokusudiwa ni kazi za kuleta kipato ambazo mtu huzifanya katika makaazi yake mwenyewe. Nazo zimegawika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la mtu anayejitegemea, ambaye hununua malighafi kwa fedha zake, hutengeneza bidhaa na huiuza apendapo. Fungu la pili ni la mtu anayepewa kazi na mwengine, mathalani mfanyabiashara anayempelekea mshonaji kitambaa na uzi kisha akamlipa kwa kila kofia inayomalizika.

Tafauti ya mafungu haya ni ya msingi. Mtu wa fungu la kwanza hubeba hasara yake na hula faida yake. Mtu wa fungu la pili habebi gharama za malighafi, lakini bei ya kazi yake hupangwa na mwengine, na mara nyingi hapewi maandishi yoyote.

Shirika la Kazi Duniani (ILO) lilipitisha Mkataba Namba 177 kuhusu kazi za nyumbani mwezi wa Juni 1996, na mkataba huo ukaanza kutumika mwaka 2000. Mkataba huo unahusu fungu hili la pili. Unataka wafanyakazi wa nyumbani wasitendewe kinyume na wenzao wanaolipwa mshahara, hasa katika malipo, usalama na afya kazini, hifadhi ya jamii, mafunzo, haki ya uzazi, umri mdogo wa kuanzia kazi na haki ya kuunda jumuiya zao. Shirika hilo lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu wapatao milioni 260 duniani walikuwa wakifanya kazi majumbani mwao, na zaidi ya nusu yao walikuwa wanawake. Kwa hivyo jambo hili si dogo, wala si la visiwani peke yake.

KAZI ZILIZOPO NA HALI YAKE

Visiwa hivi vina kazi za asili za nyumbani ambazo zimerithiwa kizazi baada ya kizazi. Ipo kazi ya ukili, ambapo ukindu hukatwa, huanikwa, huchanwa, hutiwa rangi kwa kuchemshwa, husukwa, kisha hushonwa ikawa mikeka, misala, mikoba na makawa. Ipo kazi ya kamba za usumba, ambapo makumbi ya nazi hufukiwa pwani kwa miezi kadhaa, hufukuliwa, hupigwa mpaka nyuzi zikaachana, ndipo zikasokotwa. Ipo kazi ya kofia za vito, ambapo kitambaa hutobolewa vitundu vidogo vidogo na kila kitundu kikazungushiwa uzi kwa sindano. Kofia moja iliyo nzuri huweza kumchukua mshonaji wiki nyingi.

Kazi zote tatu zina sifa moja ya pamoja: mtaji wake wa fedha ni mdogo, na mtaji wake wa muda ni mkubwa mno. Kwa kuwa fedha inayotoka mfukoni ni kidogo, mwenye kazi hudhani kuwa chochote atakachokipata ni faida. Hapo ndipo anapokosea hesabu, kwani amesahau kuutia bei muda wake.

Zipo pia kazi za mapishi, kama vile maandazi, vitumbua, visheti, keki, achari na mikate ya ufuta. Kazi hizi hurejesha fedha haraka, kwa sababu kilichopikwa alfajiri huwa kimeuzwa kabla ya jioni. Lakini kisichouzwa hakingoji kesho, na mara nyingi huliwa na watu wa nyumbani bila ya kulipiwa, mtaji ukapungua kidogo kidogo hadi siku moja haupo.

Zipo kazi zilizozuka baadaye. Kilimo cha mwani wa biashara kilianza mwishoni mwa miaka ya 1980 katika vijiji vya Paje na Jambiani, na wakulima wake wengi ni wanawake. Mwani mkavu huuzwa kwa kilo kwa wanunuzi wanaousafirisha nje, ambako bei yake huamuliwa. Kwa sababu hiyo baadhi ya vikundi vya kinamama, vikiwemo vya Paje na Kidoti, vilijifunza kuusaga mwani na kuutia katika sabuni pamoja na mafuta ya nazi na manukato kama karafuu na mchaichai. Anayeuza mwani mkavu huisubiri bei ya mnunuzi. Anayeuza sabuni hutaja bei yake mwenyewe.

Aidha, kuenea kwa simu na kompyuta kumeleta kazi za kuchapa, kutafsiri, kuweka hesabu za maduka, kusomesha masomo ya ziada na kuchora mapambo ya kadi na matangazo. Wakati wa maradhi ya UVIKO-19 kuanzia mwaka 2020, watu wengi duniani walifanya kazi za afisi wakiwa majumbani, na ikadhihirika kuwa baadhi ya kazi zilizodhaniwa haziwezekani bila ya kwenda afisini zinawezekana.

MFANO WA HESABU

Ili jambo hili lifahamike vyema, ni vizuri kuchukua mfano wa msukaji wa mikoba ya ukili anayejitegemea. Takwimu zinazofuata ni za kufundishia tu na wala si bei ya soko. Kila mmoja anaweza kuziondoa na kutia za kwake.

Tuseme kwa mkoba mmoja ukindu unagharimu shilingi 3,000, rangi na uzi shilingi 1,500, vishikio shilingi 1,500, na sehemu ya nauli ya kwenda mjini shilingi 1,000. Jumla ni shilingi 7,000. Mkoba unauzwa kwa mchuuzi shilingi 15,000. Msukaji anaona amebakiwa na shilingi 8,000 na anashukuru. Lakini mkoba huo umemchukua saa 20, tokea kuchana ukindu hadi kuufikisha kwa mnunuzi. Kwa hivyo kila saa moja imemlipa shilingi 400. Akifanya kazi saa 6 kwa siku kwa siku 25, yaani saa 150 kwa mwezi, atapata shilingi 60,000. Fedha hiyo ni msaada wa nyumba, lakini haiwezi kuitwa riziki ya kutegemewa.

Sasa tuseme wasukaji watano wa shehia moja wameungana. Wananunua ukindu kwa pamoja, na mmoja wao tu ndiye anayekwenda mjini kwa niaba ya wenzake. Gharama za mkoba zinashuka kutoka shilingi 7,000 hadi 5,000. Kisha, badala ya kumuuzia mchuuzi, wanampelekea mwenye duka au mtumiaji mwenyewe kwa shilingi 20,000. Kinachobaki ni shilingi 15,000 kwa saa zile zile 20, yaani shilingi 750 kwa saa. Kwa mwezi ni shilingi 112,500.

Hatua ya tatu ni kugawana kazi. Aliye hodari wa rangi akatia rangi ya wote kwa siku moja, aliye mwepesi wa kusuka akasuka, na mwenye cherehani akashona. Ikiwa kwa mpango huo mkoba mmoja utachukua saa 15 badala ya 20, kila saa italipa shilingi 1,000, na mwezi utaleta shilingi 150,000 kwa kila mmoja wao. Mikono ni ile ile, ukindu ni ule ule, na saa za mwezi ni zile zile. Kilichobadilika ni mpango wa kununua, wa kuuza na wa kutumia muda.

Hesabu hii inafundisha pia jambo la nne ambalo halipendezi kulisikia. Ikiwa mtu amefanya yote hayo na bado saa yake hailipi, basi kazi hiyo ibaki kuwa nyongeza tu, na atafute nyengine ya kuwa tegemeo. Si aibu kuiacha kazi isiyolipa. Aibu ni kuendelea nayo kwa miaka bila ya kujua kuwa hailipi.

DAFTARI

Wahenga walisema kuwa mali bila ya daftari hupotea bila ya habari. Daftari linalohitajika ni la kawaida la skuli, lenye sehemu nne: tarehe, fedha iliyotoka, fedha iliyoingia, na saa zilizotumika. Sehemu hiyo ya nne ndiyo inayosahauliwa na wengi, nayo ndiyo yenye siri yote.

Katika daftari hilo ziandikwe pia gharama zinazojificha. Umeme wa cherehani na wa jokofu, kuni au gesi ya kupikia, maji, na bando la simu, vyote hulipwa kwa fedha za nyumba, na mtu hudhani kuwa biashara haivigharimu chochote. Kadhalika viandikwe vitu vilivyochukuliwa na jamaa na majirani kwa ahadi ya kulipa baadaye. Ujirani mwema ni jambo la kusifiwa, lakini deni lisiloandikwa huweza kuvunja biashara na ujirani kwa pamoja.

Fedha ya biashara itengwe na fedha ya matumizi. Mwenye kazi ajipangie kiasi maalumu cha kuchukua kila wiki, mfano wa mshahara, na kilichobaki akiache kiwe mtaji.

SOKO MOJA HALITOSHI

Uzoefu wa Zanzibar umetoa mafunzo mawili ambayo hayastahiki kusahauliwa. La kwanza ni la umeme. Kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 kisiwa cha Unguja kilikosa umeme wa gridi kwa muda wa miezi mitatu hivi. Aliyetegemea mashine ya umeme peke yake alilazimika kusimama au kuingia gharama za jenereta. Aliyekuwa na cherehani ya mguu aliendelea kushona. Kwa hivyo mwenye kutaka kuishi kwa kazi ya nyumbani ni lazima ajiulize mapema: kitu kimoja kikikatika, kazi itaendelea vipi?

La pili ni la soko. Mwaka 2020 safari za ndege za kimataifa ziliposimama, watalii hawakuja, na bidhaa za mikono zilizotengenezwa kwa ajili yao zikakosa mnunuzi. Waliokuwa na wateja wa nyumbani pia, kwa mfano wanaoshona sare za skuli na kofia za sikukuu, walikuwa na pa kushikilia. Ni busara basi kila mwenye kazi awe na masoko mawili angalau, moja la wageni na moja la wenyeji.

KUFANYA KAZI KWA UMOJA

Mtu anayefanya kazi peke yake nyumbani hana mwenzake wa kumuuliza bei. Mnunuzi humwambia kuwa jirani yake ameuza kwa rahisi zaidi, naye hana njia ya kujua ukweli. Hii ndiyo dhiki kubwa ya kazi za nyumbani kila pahala duniani.

Nchini India, katika mji wa Ahmedabad, wanawake waliojiajiri waliunda jumuiya yao iitwayo SEWA mwaka 1972 chini ya uongozi wa Bibi Ela Bhatt. Mwanzoni mamlaka zilisita kuiandikisha kuwa chama cha wafanyakazi, kwa hoja kwamba wanachama wake hawakuwa na mwajiri wa kudaiana naye. Waanzilishi wakajibu kuwa chama huundwa kwanza kwa ajili ya umoja wa wafanyakazi wenyewe, na si lazima kiwe dhidi ya mtu. Hoja yao ilikubaliwa, na mwaka 1974 wakaanzisha benki yao ya ushirika.

Hapa Zanzibar njia ya umoja ipo wazi, ikiwemo vikundi vya kuweka na kukopa na vyama vya ushirika vinavyosajiliwa kwa mujibu wa sheria. Kikundi kinachokutana mara moja kwa wiki na kutajiana bei walizouzia tayari kimefanya kazi kubwa, hata kabla ya kupata mkopo wowote.

USAJILI, VIWANGO NA HIFADHI

Wananchi wengi huogopa kusajili kazi zao kwa kudhani kuwa usajili ni mlango wa kodi tu. Ieleweke kwamba bidhaa isiyo na usajili haiwezi kuingia katika duka kubwa wala hoteli, na mwenye nayo hubaki mateka wa mchuuzi. Jina la biashara husajiliwa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali Zanzibar. Bidhaa za vyakula na vipodozi husimamiwa na Wakala wa Chakula na Dawa. Alama ya ubora hutolewa na Taasisi ya Viwango Zanzibar, iliyoanzishwa kwa Sheria Namba 1 ya 2011. Kuhusu leseni, mwananchi aulize katika baraza la manispaa, baraza la mji au halmashauri ya wilaya yake.

Kwa upande wa uzee na maradhi, mtu anayefanya kazi nyumbani hana mwajiri wa kumchangia. Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar (ZSSF), ulioanzishwa mwaka 1998, una mpango wa kuchangia kwa hiari kwa watu waliojiajiri wenyewe. Mchango mdogo unaotolewa bila ya kukatika ni bora kuliko mkubwa unaotolewa mara moja na kusahauliwa.

Usalama nao usipuuzwe. Soda kali ya kutengenezea sabuni huunguza ngozi na macho, kwa hivyo itumike kwa glavu, mahala penye hewa, na ihifadhiwe mbali na watoto. Mshonaji wa vito apumzishe macho yake na afanye kazi penye mwanga wa kutosha. Na mtoto aliye katika umri wa skuli asigeuzwe kibarua wa kumaliza oda ya mamake.

KWA WATUMISHI WA UMMA

Mtumishi wa umma hakatazwi kuwa na shughuli halali ya kujiongezea kipato nyumbani kwake, madhali haigongani na wajibu wake. Saa za kazi ni za Serikali, na karatasi, kompyuta, simu na gari za afisi si mtaji wa mtu binafsi. Haifai pia mtumishi kufanya shughuli inayosimamiwa au kupewa vibali na afisi anayoitumikia. Mwenye shaka amuulize mkuu wake wa utumishi kabla ya kuanza, si baada.

Kwa anayekaribia kustaafu, ushauri ni kuijaribu kazi hiyo kwa kiasi kidogo miaka miwili au mitatu kabla, akiandika daftari lake, ili kiinua mgongo kisiwe ndicho kinacholipia makosa ya kujifunza.

TAHADHARI YA WADANGANYIFU

Yapo matangazo, hasa katika simu, yanayomwahidi mtu kazi nyepesi ya kufanya nyumbani kwa malipo makubwa, kwa sharti la kutanguliza ada ya kujiunga au kuwaingiza wengine. Kanuni ya kuyapima ni moja: mwajiri wa kweli humlipa mfanyakazi, na wala hamtozi. Anayetaka fedha kabla ya kutoa kazi, au anayelipa kwa idadi ya watu walioingizwa na si kwa kitu kilichotengenezwa, aepukwe, na taarifa zake zipelekwe katika kituo cha polisi.

MAMBO YA KUFANYWA

Kwa muhtasari, mwananchi anayefanya au anayekusudia kufanya kazi ya kipato nyumbani anashauriwa haya:

1. Aandike saa zake kwa muda wa mwezi mmoja, kisha agawe kilichobaki baada ya gharama kwa saa hizo, ajue saa moja inamlipa kiasi gani.

2. Akiwa anapewa kazi na mwengine, aombe maandishi yanayotaja idadi, bei na siku ya kulipwa.

3. Aungane na wenzake katika kununua malighafi na kuuza bidhaa.

4. Awe na masoko yasiyopungua mawili.

5. Akubaliane na watu wa nyumbani juu ya saa za kazi. Aliyeko nyumbani huonekana kuwa yupo kwa kila mgeni na kila shughuli. Mume, mke na watoto wakizijua saa hizo na kuziheshimu, mtaji mkubwa kuliko fedha utakuwa umepatikana.

6. Kwa maelezo zaidi afike kwa Sheha wake au katika afisi ya wilaya, ambako ataelekezwa kwa maafisa wa ushirika na uwezeshaji wananchi kiuchumi. Aende na daftari lake, kwani afisa humshauri vizuri zaidi mtu mwenye hesabu mkononi.